MAJI CHINI YA MWAMBA
Historia ya Kutafuta Maji ya Ardhini katika Nchi Kavu ya Tanzania ya Kati

Utangulizi

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia habari za Isaka katika bonde la Gerari. Visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu baba yake vilikuwa vimefukiwa na Wafilisti. Isaka akavichimba upya, naye akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Watumishi wake walipopata maji mapya, wachungaji wa Gerari waligombana nao, na visima viwili vikabaki na majina ya ugomvi, Eseki na Sitna. Ni cha tatu tu, Rehobothi, kilichopewa jina la nafasi na amani.

Habari hiyo husomwa mara nyingi kama fundisho la uvumilivu. Lakini ndani yake limo pia fundisho la historia. Isaka hakuanza kutafuta maji kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Alijua baba yake alichimba wapi, alipata nini, na kila kisima kiliitwaje. Kumbukumbu ndiyo iliyomwonyesha pa kuanzia.

Sharika za nyanda kavu za Dodoma na Singida zinazotimiza miaka 100 zimeishi miaka hiyo yote na swali hilo hilo la Isaka. Tofali halifyatuliwi bila maji, zahanati haifunguliwi bila maji, na hata ubatizo huanza kwa maji. Makala hii inaeleza jinsi maji ya ardhini yalivyotafutwa katika nchi hiyo, kwa mkono, kwa fimbo, kwa ramani na kwa mitambo. Maswali matatu yanaongoza maelezo yake. Maji yako wapi? Yanafaa kwa binadamu? Yatadumu? Historia inaonyesha kwamba jasho jingi lilimwagika kwa ajili ya swali la kwanza, na kwamba hasara kubwa zaidi zilitokana na kusahau mawili yaliyofuata.

1. Nchi na Mwamba Wake

Mji wa Dodoma hupata wastani wa mvua wa takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Uwezo wa jua kuyavukiza maji yaliyo wazi huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo sababu mabwawa na malambo hupungua upesi hata pale ambapo hakuna ng'ombe wala ndoo iliyoyagusa.

Chini ya udongo upo mwamba wa kale sana, wa graniti na jamii zake, ambao umri wake kwa sehemu kubwa unazidi miaka bilioni 2.5. Mwamba huo si kama mchanga au chokaa. Ukiwa mzima, hauna nafasi ya kuhifadhi maji. Kwa hiyo picha ya mto mkubwa unaopita gizani chini ya mashamba, ambayo watu wengi wanayo akilini, haiifai nchi hii. Maji hukaa mahali pa namna tatu. Kwanza, katika tabaka la juu la mwamba uliolika kwa jua na mvua za enzi nyingi hata ukawa kama changarawe na udongo. Pili, katika nyufa zinazoukata mwamba mzima chini ya tabaka hilo. Tatu, katika mchanga wa mito ya msimu, ambayo juu huonekana mikavu huku ndani ikiwa imehifadhi mabaki ya mafuriko.

Hali hiyo ndiyo chanzo cha majonzi mengi. Kisima kimoja kinaweza kukutana na ufa wenye maji, na kingine kilichochimbwa hatua 50 kutoka hapo kikaishia kwenye jiwe kavu. Jirani aliyepata maji hawezi kumthibitishia mwenzake kwamba naye atapata.

2. Elimu ya Wazee

Muda mrefu kabla ya mitambo, Wagogo, Wanyaturu, Wanyiramba na Wasandawe waliishi katika nchi hiyo pamoja na mifugo yao. Kisima chao cha kawaida kilikuwa shimo katika mchanga wa korongo. Shimo lilichimbwa mahali ambapo mto hupinda au ambapo mwamba unaukatiza mto kwa chini na kuyazuia maji yasiteremke. Kiangazi kilipozidi, shimo liliongezwa kina, na mwanamke aliingia ndani, akasubiri maji yachuruzike, akayateka kwa kata na kuyamimina kibuyuni. Katika miezi migumu wanawake waliamka usiku ili wawahi zamu yao.

Wazee walizisoma pia alama za nchi kavu. Mkuyu ulioota mbali na mto ulichukuliwa kuwa ushahidi mzuri, kwa kuwa mti huo hupenda maji yasiyo mbali. Mikindu na matete yalishuhudia hivyo hivyo. Mbuyu, pamoja na ukubwa wake, haukuaminiwa kwa jambo hilo, kwa maana huyaweka maji katika shina lake na huweza kustawi mahali ambapo chini ni pakavu. Miguu ya vilima vya mawe makubwa, ambavyo Singida ina vingi, ilipewa heshima ya pekee. Mvua inyeshayo juu ya jiwe haina pa kuingilia, hivyo huteremka yote na kuzama kwenye udongo ulio chini ya kilima.

Kanuni iliyo bora kuliko zote ilihusu majira. Shimo linalotoa maji mwezi wa Aprili halijathibitisha kitu. Shimo linalotoa maji mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, ni kisima. Wataalamu wa leo husema hivyo hivyo wanaposhauri visima vifupi vichimbwe mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa yameshuka.

Elimu hii ilikuwa na mipaka yake. Jembe na mtaimbo havikuweza kuuvunja mwamba mzima, na mvua zilipokosa miaka miwili mfululizo hata mashimo ya makorongoni yalikauka. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ambayo wakati uliofuata uliidharau. Kila mahali palipochimbwa palijulikana kwa jina, na watu walikumbuka ni mwaka gani wa njaa maji ya hapo yaliisha.

3. Reli, Ramani na Mashine

Misheni ya Leipzig ilipoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, iliwakuta Wachaga wakiyaongoza maji ya mlimani kwa mifereji yao. Misheni ya Augustana kutoka Marekani, iliyoanza kazi Iramba katika miaka ya 1920, haikukuta mlima wenye theluji. Wamisionari, walimu na wainjilisti wa nchi kavu walikunywa maji yale yale ya korongo waliyokunywa wenyeji.

Msukumo wa kwanza wa kutafuta maji kwa njia za kihandisi ulitoka kwenye reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi la mvuke haliwezi kwenda bila maji, kwa hiyo wajenzi walilazimika kuuliza kila kituo kitanywa nini. Miongoni mwao alikuwako Clement Gillman, mhandisi aliyefika nchini mwaka 1905 wakati wa Wajerumani, akabaki wakati wa Waingereza, akawa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika, na baadaye mshauri wa serikali kuhusu maji. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika. Ilionyesha wazi kwamba watu walikuwa wamejikusanya katika sehemu ndogo ya nchi, na kwamba jambo lililowakusanya lilikuwa hasa maji ya kudumu. Mwenye kuitazama ramani ile aliona visima na chemchemi, ingawa vilivyochorwa juu yake vilikuwa ni watu.

Idara ya Jiolojia, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 na kuweka makao yake Dodoma, ilianza kuichora miamba yenyewe. Lakini elimu hiyo haikusikilizwa sikuzote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Matrekta yalifika kabla ya mvua na udongo wa mahali pale kueleweka. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mvua hazikutabirika, na hata maji ya matumizi ya kambi yakawa tatizo. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya fedha nyingi mno kupotea. Wenyeji hawakushangaa, kwa kuwa walijua jinsi mvua za Kongwa zilivyo.

4. Fimbo na Ushahidi

Historia ya maji vijijini haiwezi kuandikwa bila kumtaja mtafutaji anayetembea shambani akishika kijiti chenye panda, waya uliokunjwa au uzi wenye kipande cha chuma, akingoja kivutwe chini. Wengi huamini kwamba ni desturi ya Kiafrika. Kijiti chenye panda kina historia ndefu huko Ulaya, na Kanisa la Kilutheri lilikutana nacho tangu mwanzo wake.

Katika karne ya 16 wachimba madini wa Ujerumani walitumia kijiti cha namna hiyo kutafuta fedha na shaba. Mwaka 1518 Martin Luther, katika maelezo yake ya Amri Kumi, aliihesabu desturi hiyo miongoni mwa matendo yanayovunja amri ya kwanza. Miaka 38 baadaye, mwaka 1556, kilichapishwa kitabu kikubwa cha Georgius Agricola juu ya madini. Agricola, tabibu wa Chemnitz katika Saksonia, hakutumia hoja ya dhambi pekee. Alisema kwamba mchimbaji mwenye busara hana haja na kijiti, kwa sababu zipo alama za asili katika nchi yenyewe ambazo aliyefundishwa anaweza kuzisoma.

Njia hiyo ya Agricola ilifuatwa na mtumishi mwingine wa Kanisa. Jean-Baptiste Paramelle, padre wa Kikatoliki katika jimbo la Lot nchini Ufaransa, aliona jinsi watu wa nchi ile ya mawe ya chokaa walivyoteseka kwa kukosa maji. Hakushika fimbo. Alitembea mabondeni miaka mingi akilinganisha chemchemi zilizojulikana na umbo la nchi, mpaka akaweza kukisia mahali pa zile zisizojulikana. Kitabu chake juu ya kugundua chemchemi kilitoka mwaka 1856.

Je, fimbo huona maji? Swali hili limepimwa. Kati ya mwaka 1987 na 1988, karibu na Munich, watafutaji takriban 500 walijaribiwa, na 43 walioonekana bora wakapimwa zaidi katika banda ambamo bomba la maji lilihamishwahamishwa chini ya sakafu bila wao kuliona. Wengi hawakufanya vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Walioongoza uchunguzi walidai kwamba wachache walifaulu, lakini matokeo hayo yalipochambuliwa upya mwaka 1999 hata ushindi wa wachache hao ulionekana kuwa wa bahati. Mwaka 1990, huko Kassel, watafutaji 30 walijaribiwa tena, na matokeo yao pia yalikuwa ya kubahatisha.

Hilo halimaanishi kwamba kila mwenye fimbo ni mdanganyifu. Misuli ya mkono huweza kukisogeza kijiti bila mwenyewe kutambua, na mzee aliyeishi kijijini miaka 60 hujua mengi kuhusu mikuyu na makorongo hata asipoweza kueleza ameyajuaje. Aidha, katika nchi yenye mchanga mnene uliojaa maji, kila anayechimba hupata, na fimbo husifiwa. Mwamba wa Tanzania ya kati hauna huruma hiyo. Fundi wa uchimbaji hulipwa kwa mita alizochimba, hivyo kisima kikavu hugharimu karibu sawa na chenye maji. Fedha hizo, kwa usharika wa kijijini, ni mavuno, mbuzi na kuku walioletwa madhabahuni.

5. Umeme Ardhini

Njia iliyochukua nafasi ya fimbo ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1912 Conrad Schlumberger wa Ufaransa alianza majaribio ya kupitisha umeme ardhini ili kujua kilichomo. Kanuni yake ni rahisi kueleza. Vyuma viwili huchomekwa ardhini na kupitisha umeme, na vingine viwili katikati hupima jinsi ardhi inavyoukinza. Mwamba mzima na mkavu huukinza sana. Mwamba uliolika na kulowa maji huupitisha kwa urahisi zaidi. Kadiri vyuma vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo umeme unavyozama chini, na mpimaji hupata picha ya tabaka kwa tabaka.

Njia hii nayo ina mtego wake. Udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme vizuri ingawa hautoi maji, na maji ya chumvi huupitisha vizuri kuliko maji matamu. Kwa hiyo mpimaji makini haanzi na mashine. Kwanza hutazama ramani ya miamba na picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo huonyesha nyufa ndefu kama mistari iliyonyooka ya miti au mabonde. Kisha hutembelea visima vyote vya jirani, vizima na vikavu, na kuwauliza wenyeji. Ndipo huchagua mahali pachache pa kupima kwa umeme. Baada ya kuchimba, kisima husukumwa kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi saa 24 au zaidi, huku kina cha maji kikipimwa, ili ijulikane ni kiasi gani kinaweza kutolewa bila kukichosha.

Katika utaratibu huo wote, ushahidi wa bei nafuu kuliko wowote ni taarifa ya visima vilivyokwisha kuchimbwa. Kisima kikavu ambacho kina chake na miamba yake viliandikwa kimewafundisha watu jambo moja. Kikifukiwa bila maandishi, atakayefuata atalilipia somo hilo hilo mara ya pili.

6. Maji Yapatikanayo Lakini Hayafai

Furaha ya kuyaona maji yakiruka kutoka kisimani imewafanya wengi kulisahau swali la pili. Maji ya Singida na Dodoma mahali pengi yana chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo mjini Singida kwenyewe, lakini si ya kunywa. Chumvi walau hujitambulisha kwa ulimi. Floraidi haijitambulishi. Haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua sufuriani.

Shirika la Afya Duniani hushauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Katika maeneo ya mlima Meru, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga vimekutwa vyanzo vinavyozidi kiwango hicho kwa mbali. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayasafishiki. Kiasi kikizidi kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Magadi yanayotumika jikoni huweza kuongeza mzigo huo.

Tanzania ilikabiliwa na uchaguzi mgumu. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8, kwa sababu kuvifunga visima vyote vilivyozidi 1.5 kungewaacha watu wengi bila maji kabisa. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 4, na hatimaye 1.5. Wizara ya Maji ilianzisha kituo cha utafiti Ngurdoto, mkoani Arusha, ambako mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hutumika kuchuja floraidi. Katika miaka hiyo yote watoto waliendelea kukua, na vijana wengi walijifunza kucheka wakiwa wamefunika midomo yao kwa mkono. Kipimo cha maabara ni gharama ndogo kikilinganishwa na gharama ya kuchimba. Kisima kisichopimwa hakipaswi kuzinduliwa, hata kama mgeni rasmi amekwisha kualikwa.

7. Je, Yatadumu?

Swali la tatu lilijitokeza kwa uzito katika historia ya huduma ya Kanisa lenyewe. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha shirika la TCRS kuwahudumia wakimbizi waliokuwa wakiingia nchini. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji, na makazi ya Ulyankulu yakafunguliwa mkoani Tabora. Misitu ilifyekwa, vijiji vikapangwa, shule na zahanati zikajengwa. Lakini idadi ya watu ilizidi uwezo wa ardhi na maji ya mahali pale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu ya watu waliokuwa wamekwisha kujenga na kulima walilazimika kuhama kwa mara ya pili, safari hii kwenda Mishamo. Walikuwa wamepokelewa kwa upendo mwingi, lakini upendo huo haukuweza kuongeza maji yaliyokuwa chini ya miguu yao.

Kosa la namna hiyo halikuwa la wakimbizi peke yao. Wakati wa Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, na katika uhamishaji wa vijijini uliofuata nchini, vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara kabla ya maji yake kupimwa. Wanawake walijikuta karibu na shule na mbali na kisima.

Jibu bora la swali hili limetoka Makutapora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, kwenye visima ambavyo mji huo umevitegemea tangu kabla ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu ya nchi. Huko kina cha maji kiliendelea kupimwa na kuandikwa tangu mwaka 1955. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Zilionyesha kwamba mvua za kawaida haziyarudishi maji ya ardhini. Kwa miaka mingi mfululizo kina kilishuka, kisha kikapanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi. Mpando mkubwa kuliko yote ulitokana na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mvua zile zinakumbukwa kwa madaraja yaliyobomoka na mazao yaliyosombwa. Chini ya ardhi zilikuwa zikijaza hazina ambayo watu wangeinywa kwa miaka mingi baadaye. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maji huzama kupitia mchanga wa mito ya msimu, mahali pale pale ambapo wazee walichimba kwa mikono.

8. Pampu na Watu Wake

Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Kuanzia mwaka 1974 visima vifupi vyenye pampu za mkono vilichimbwa Shinyanga kwa msaada wa Uholanzi, na baadaye Morogoro. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali. Sababu mojawapo ni kwamba pampu zilikuwa za serikali, na zilipoharibika zilimngoja fundi wa serikali.

India ilikuwa imelipata fundisho hilo mapema. Katika ukame wa miaka ya 1960, visima vingi virefu vilichimbwa katika mwamba mgumu na kufungwa pampu za chuma zilizotengenezwa kwa matumizi ya familia moja. Kijiji kizima kilipozitumia, zilivunjika upesi. Mafundi waliofanya kazi na misheni za Kikristo katika jimbo la Maharashtra ndio waliobuni pampu imara zaidi, na kutokana na kazi yao ikazaliwa, katika miaka ya 1970, pampu ya India Mark II, ambayo ilienea Afrika nzima.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwakabidhi watumiaji wenyewe umiliki na matengenezo kupitia kamati na vyombo vyao. Sheria ya mwaka 2009 iliweka maji ya ardhini chini ya usimamizi wa bodi za mabonde, zinazotoa vibali vya uchimbaji na matumizi, na mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Taratibu zimebadilika mara nyingi. Jambo ambalo halikubadilika ni kwamba kisima huishi pale ambapo yupo mtu anayejulikana kwa jina, mwenye spana, vipuri na fedha kidogo, ambaye atakwenda siku ile ile kinapoacha kutoa maji.

Hitimisho

Katika ofisi ya usharika wa kale hutunzwa kitabu cha ubatizo. Kurasa zake za mwanzo zimeandikwa kwa wino uliofifia, na kila mstari una jina, tarehe na mashahidi. Kwa kitabu hicho mjukuu huweza kuthibitisha leo kwamba babu yake alisimama mahali hapo. Hakuna mwandishi wa mistari ile aliyejua ni nani angeihitaji baada ya miaka 100. Aliandika kwa uaminifu, basi.

Kisima nacho kinastahili kitabu. Kiandikwe mahali kilipo, kina chake, miamba iliyopitiwa, maji yalipokutwa, majibu ya maabara na jina la mtunzaji. Kila mwisho wa kiangazi kina cha maji kipimwe kwa kamba yenye alama na kuandikwa. Visima vikavu viandikwe pia, bila aibu. Watu wa Makutapora waliofanya kazi hiyo ya unyenyekevu tangu mwaka 1955 waliifundisha dunia jambo ambalo hakuna fimbo wala mashine ingeweza kulionyesha kwa siku moja.

Isaka alirithi visima vilivyofukiwa, lakini majina yake yalikuwa bado yapo, na kwa majina hayo aliweza kuanza tena. Kizazi kitakachosherehekea miaka 200 kitarithi nchi ile ile, yenye mwamba ule ule na mvua zisizo na uhakika. Shukrani kwa Mungu kwa maji yaliyokwisha kupatikana zitakamilika kizazi hicho kitakapofungua kitabu na kukuta imeandikwa wapi pa kuchimba, wapi pasichimbwe, na kwa sababu gani.